Sailensi inasumbua: hewa ya wizi, throto chafu, moto au sensa? Namna ya kuchagua pa kuanzia

Gari lenye umri likianza kusumbua sailensi, yaani mzunguko wa injini ikiwa imewashwa bila kukanyaga mafuta, washauri hawakosekani. Mmoja atasema plagi, wa pili throto, wa tatu atataka vali ya sailensi itafutwe leo hii. Huenda kila mmoja yuko sahihi kwa gari aliloliona yeye. Tatizo ni kwamba malalamiko ni yale yale, "gari halitulii", ilhali vyanzo vyake vinapita kumi na kwa nje vinafanana mno.

Kinachovitenganisha ni wakati na namna. Linasumbua likiwa baridi au likishapata moto? Likiwa tupu, au likibebeshwa AC na gia? Mshale wa mizunguko uko juu, uko chini, au unacheza? Ukiwa na majibu hayo kabla hujafungua boneti, washukiwa wanabaki wawili au watatu. Hapa chini nawaweka hao wanaofanana ubavu kwa ubavu, na kwa kila jozi natoa kipimo kinachowatenga. Vingi havihitaji kununua kitu. Nazungumzia injini za petroli. Dizeli ina mambo yake.

Kwa nini gari lisumbue limesimama, kisha barabarani liwe zima

Ukiondoa mguu kwenye mafuta, kile kipepeo cha throto (mlango wa hewa ya injini) kinajifunga karibu chote. Injini inabaki kuvuta hewa kidogo sana, kupitia upenyo mwembamba pembeni mwa kipepeo na njia ndogo inayosimamiwa na vali ya sailensi. Kwa kiasi hicho kidogo, tobo dogo tu kwenye mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) huingiza hewa ya wizi ambayo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga mafuta, hewa inaingia kwa wingi na tobo lile linamezwa, halisikiki tena. Kwa hiyo gari linalosumbua kwenye foleni na kutulia barabarani halijajiponya. Limekueleza kwamba kosa liko kwenye vitu vinavyohusika zaidi hewa ikiwa kidogo.

Magari mengi ya petroli hutulia kati ya mizunguko 600 na 900 kwa dakika yakiwa na moto. Yakiwashwa baridi hupanda hadi 1200 au 1500, kisha hushuka pole pole kadiri injini inavyopata joto. Kuanza juu asubuhi si ugonjwa. Ugonjwa ni kutoshuka.

Injini au mauntingi?

Jozi hii ni nyepesi lakini inakula pesa za watu wengi. Mtetemeko unaousikia kwenye kiti na usukani unaweza kutoka kwenye injini inayomisi, au kwenye mauntingi, ile mipira inayobeba injini, ikiwa imelala au imepasuka. Tazama mshale. Ukiwa umetulia palepale huku gari likitetemeka, na mtetemeko ukipungua sana ukitoka D kwenda N, anza na mipira. Mshale ukirukaruka pamoja na mtetemeko, au ekzosi ikisikika ikitoa pumzi zisizolingana, basi ni injini. Hakuna plagi itakayotibu mpira uliochoka.

Mshale uko wapi?

Sailensi ya juu isiyoshuka ina maana moja kubwa: hewa inaingia kuliko inavyotakiwa, na kompyuta inaiongezea mafuta. Inaweza kuwa imepita kwenye tobo, kwenye vali ya sailensi iliyoganda wazi, au kwenye kipepeo kisichofunga kwa sababu waya wa mafuta umevutwa mno. Tazama huo waya kwanza. Ni kazi ya sekunde chache, lazima uwe na ulegevu kidogo.

Sailensi ya chini, ya gari kuzima ukifika kwenye taa, ina milango miwili. Ama hewa haitoshi, ama hewa ipo lakini injini haiichomi vizuri. Kuna kipimo kimoja rahisi kinachotenga hiyo milango, nacho nakipenda kuliko vyote. Gari likiwa na moto na limesimama, kanyaga mafuta kidogo tu mpaka mshale ufike 1000 au 1200, ushikilie hapo. Injini ikitulia kabisa, laini, haimisi, basi uchomaji ni mzima na tatizo ni njia ya hewa kipepeo kinapofunga: throto chafu au vali ya sailensi. Ikiendelea kurukaruka hata hapo, achana na throto, nenda kwenye moto (cheche za plagi), mafuta na kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda).

Halafu kuna mshale unaocheza: unapanda hadi 1800, unashuka 900, unapanda tena, bila kuchoka. Watu hudhani kompyuta imeharibika. Mara nyingi kompyuta inafanya kazi yake vizuri kabisa. Inaona kipepeo kimefungwa na mizunguko iko juu, ikahesabu kuwa gari linateremka mlima dereva akiwa ameachia mafuta, ikakata mafuta kwenye nozeli (zinazopulizia petroli kwenye injini) kama ilivyopangiwa. Mizunguko inashuka, mafuta yanarudishwa, hewa ya ziada inaipandisha tena, na mchezo unaanza upya. Kiwango cha kukata hutofautiana kati ya gari na gari, lakini kwa mengi kiko karibu na 1500 hadi 2000. Ukiona mchezo huo, tafuta hewa ya ziada inapoingilia. Kununua kompyuta ya mtumba kwa dalili hii ni kutupa pesa.

Hewa ya wizi dhidi ya throto au vali chafu

Hawa ndio wanaochanganywa zaidi, na kwa kweli ni kinyume cha kila mmoja. Mmoja analeta hewa isiyotakiwa, mwingine anainyima injini hewa inayotakiwa.

| Unachokiona | Hewa ya wizi | Throto au vali ya sailensi chafu |
|---|---|---|
| Mshale | Juu au unacheza. Kwenye baadhi ya magari chini na injini inamisi | Chini, hasa ukiachia mafuta ghafla |
| Ukishikilia 1000–1200 | Inapata nafuu, si lazima itulie kabisa | Inatulia kabisa |
| Ukiwasha AC au kutia D | Hutegemea ukubwa wa tobo | Mshale unazama, gari linazima au linakaribia |
| Sauti | Mluzi au mfyonzo chini ya boneti | Kimya |
| Ilivyoanza | Mara nyingi ghafla, au baada ya kazi kwenye injini | Pole pole, kwa miezi |
| Kodi (namba za makosa) za kawaida kwenye skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari | P0171, P0507 | P0505, P0506 |

Mstari wa kwanza wa jedwali una "kwenye baadhi ya magari", na hapo ndipo ushauri wa jirani unapopotea. Tobo lile lile humfanya mmoja alalamikie sailensi ya juu na mwingine alalamikie gari kuzima, kwa sababu magari hayapimi hewa kwa njia moja.

Gari lenye eya flo lina sensa kwenye bomba kati ya eya klina na throto, inayohesabu kila hewa inayopita. Hewa ikiingia baada ya sensa haihesabiwi. Kompyuta inatoa mafuta ya hewa iliyoiona tu, mchanganyiko unabaki na mafuta kidogo kuliko inavyopaswa (uwiano kamili wa petroli ni takriban sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, kwa uzito), injini inamisi na mshale unakuwa chini au unayumba. Gari lenye sensa ya MAP halihesabu hewa inavyopita. Linapima mgandamizo ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) kisha linakadiria. Hewa ya wizi inapandisha mgandamizo huo, kompyuta inaona hewa ipo, inaongeza mafuta, na sailensi inapanda.

Hii inabadilisha hata mahali pa kutafuta. Ule mpira mnene wenye mikunjo kati ya eya klina na throto ukipasuka, gari la eya flo linaumwa mara moja. Gari la MAP linaweza lisijue kabisa, kwa upande wa sailensi, ingawa vumbi litakuwa linaingia bila kuchujwa. Kwenye magari mengi ya eya flo hata kifuniko cha oili kisichokaza au kijiti cha kupimia oili kisichokaa vizuri huvuruga sailensi, kwa kuwa hewa inapita kwenye kreki kesi (sehemu ya chini ya injini yenye oili), inavutwa na vali ya PCV inayorudisha mvuke wa humo kwenye injini, na kufika kwenye manifoldi bila kuhesabiwa. Kabla ya kufungua chochote, bonyeza hivyo viwili.

Kutambua unacho kipi si kazi. Eya flo iko kwenye bomba karibu na eya klina, ina soketi ya waya kadhaa. MAP ni kisanduku kidogo kilichokaa juu ya manifoldi, au kimefungwa kwenye ukuta wa injini na kuunganishwa kwa mpira mwembamba. Baadhi ya magari yana zote mbili.

Sasa kipimo cha kuwatenga. Magari mengi ya zamani yana mpira unaopeleka hewa kwenye vali ya sailensi. Injini ikiwa na moto na sailensi ikiwa juu, minya mpira huo kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mizunguko ikishuka sana au injini ikazima, hewa ya ziada ilikuwa inapita kwenye vali, ambayo imeganda wazi au inaamriwa vibaya. Mizunguko isipobadilika, hewa inaingia kwingine. Kisha endelea kuminya mpira mmoja mmoja wa vakyumu: wa busta ya breki, wa PCV, wa kanista ya mvuke wa petroli. Ule ambao ukiuminya gari linatulia ndio wenye kesi. Busta ina dalili yake ya ziada: sailensi inabadilika ukikanyaga breki na kushikilia, na mara nyingine unasikia hewa ikifoka karibu na pedali.

Ukishamaliza mipira na bado, inabaki gasketi ya manifoldi na ya msingi wa throto. Wengi hupulizia kemikali ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusikiliza mabadiliko. Inafanya kazi, lakini ni kimiminika kinachowaka, kinapuliziwa karibu na ekzosi ya moto na pengine waya za plagi zinazovuja cheche. Maji ya chupa ya kupulizia, kwa ukungu mwembamba, huziba tobo kwa sekunde moja au mbili na kubadilisha mlio wa injini, bila kumuunguza mtu. Ni kipimo dhaifu kidogo kwa tobo dogo, ila kwa gari la mtu binafsi mimi nachagua maji.

Kusafisha au kununua vali mpya

Ikiwa kosa limeangukia upande wa throto na vali, safisha kwanza. Karibu kila mara. Ule utando mweusi kuzunguka ukingo wa kipepeo unatokana na mvuke wa oili unaorudishwa na PCV, na unene wake mdogo tu unatosha kuziba upenyo ambao injini inautegemea. Tumia kemikali ya kusafishia throto, kitambaa laini na brashi ya nywele laini, injini ikiwa imezimwa. Safisha pia kijia kidogo cha hewa cha vali, maana mara nyingi vali yenyewe ni nzima na kijia ndicho kimeziba. Usiinyunyizie eya flo kemikali hiyo hiyo. Ina kemikali yake maalumu, na waya wake ni mwembamba mno kuguswa na kitambaa.

Vali mpya inastahili ikiwa ile ya zamani haisogei hata ikishakuwa safi, au koili yake ya ndani imekatika ukiipima kwa mita. Kati ya vali mpya ya bei ya chini isiyo na jina na ya zamani halisi iliyosafishwa, nitachukua ya zamani. Zile za kuiga nyingi hazifungi sawasawa, na unahama kutoka sailensi ya chini kwenda sailensi ya juu.

Magari ya throto ya umeme, yasiyo na waya wa mafuta, hayana vali ya pembeni. Kipepeo chenyewe ndicho kinachosimamia sailensi. Ukikisafisha, kompyuta bado inakumbuka nafasi ya zamani iliyofidia uchafu, kwa hiyo sailensi inaweza kuwa juu kwa muda. Inabidi ijifunze upya, kwa utaratibu wa gari husika au kwa skana. Usimlaumu aliyesafisha.

Jambo moja nalipinga bila masharti: kukaza skrubu ya kizuizi cha kipepeo ili "kupandisha sailensi". Skrubu hiyo imepangwa kiwandani. Ukiisogeza, sensa ya nafasi ya throto inaweza isiiambie tena kompyuta kwamba kipepeo kimefungwa, nayo inaacha kabisa kusimamia sailensi. Gari litaonekana limepona siku hiyo. Ukitia gia au kuwasha AC, yote yanarudi, na safari hii na kosa la ziada. Ukinunua gari la zamani na kukuta rangi ya kiwandani kwenye skrubu hiyo imekwanguliwa, umepata mshukiwa wako wa kwanza.

Moto, mafuta au kompresheni

Umeshikilia 1000 na bado linamisi. Sasa swali ni silinda moja au zote.

Chomoa soketi ya nozeli moja injini ikiwa inanguruma, sikiliza, rudisha, nenda inayofuata. Silinda nzima ikizimwa, mizunguko inashuka waziwazi. Ile ambayo ukiizima hakuna kinachobadilika ndiyo haifanyi kazi. Nashauri soketi za nozeli badala ya kuchomoa waya za plagi, mtindo ambao mafundi wengi bado wanao. Waya ukiwa hewani, petroli isiyochomwa inakwenda moja kwa moja kwenye katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), koili inaumizwa, na mkono wako uko karibu na maelfu ya volti.

Ukishaipata silinda, hamisha vitu. Kwenye gari lenye koili moja kwa kila plagi, peleka koili ya silinda ya 2 kwenye ya 3. Kodi ikihama kutoka P0302 kwenda P0303, koili imejitaja. Isipohama, hamisha plagi. Isipohama tena, bado una nozeli na kompresheni. Kwa gari la distributa, fungua kofia utazame nyufa na kutu, kisha usiku washa injini gizani: waya unaovuja unaonyesha cheche za buluu bila kuulizwa.

Plagi zenyewe husoma vizuri. Nyeusi na kavu kama masizi ni mafuta kuzidi au moto dhaifu. Nyeupe ni hewa kuzidi. Yenye oili inaelekeza kwenye pete za pistoni au mihuri ya vali. Zote nne zikiwa na rangi moja mbaya, usifikirie silinda moja tena. Tafuta kitu kinachozihudumia zote, kama mgandamizo wa mafuta au sensa.

Kompresheni huachwa mwisho kwa sababu hakuna anayetaka kusikia habari zake. Lakini kuna hali moja ya magari ya zamani inayostahili kutazamwa mapema: tapeti zilizobana. Vali zikila viti vyake kwa miaka, nafasi kati ya tapeti na vali inapungua, na injini ikipata moto vali haifungi hadi mwisho. Asubuhi gari ni zuri, likichemka sailensi inaharibika, na hakuna sensa yenye kosa. Kuseti tapeti ni kazi ya saa chache. Kuchelewa ni kuunguza vali. Kama kipimo cha kompresheni kinaonyesha silinda moja chini sana kuliko wenzake, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Kikipanda, pete. Kisipopanda, vali.

Linalosumbua baridi dhidi ya linalosumbua moto

Gari linalozima likiwa baridi tu na kutulia likishapata joto, mara nyingi limekosa nyongeza ya hewa na mafuta ya asubuhi. Linalonuka petroli, linalotoa moshi mweusi na kukoroma likiwa na moto, limesahau kuiondoa. Kwa yote mawili, sensa ya joto la injini ni ya kwanza kupimwa.

Kosa la kawaida hapa ni kuamini geji ya dashibodi. Kwenye magari mengi ya zamani geji ina sensa yake, na kompyuta ina yake tofauti. Geji inaweza kuonyesha katikati kabisa huku kompyuta ikiamini nje kuna barafu. Chomoa soketi ya sensa ya kompyuta upime ohmu: nyingi husoma karibu 2000 hadi 3000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Isiyoshuka joto linapopanda imekufa. Ni kipuri kidogo, kwa kawaida rahisi kubadilisha, na kinaondoa tatizo ambalo watu hulisaka kwenye nozeli kwa wiki nzima.

Kuna tatizo la pili la joto ambalo halina umeme ndani yake. Baadhi ya Toyota na Honda za miaka ya 1980 na 1990 zina vali ya nta inayopata joto la kulanti: nta ikipoa inafungua hewa ya asubuhi, ikipata moto inafunga. Kulanti ikipungua, au hewa ikinaswa kwenye mfumo baada ya kubadilisha rejeta au themostati, nta haipati joto. Sailensi inabaki juu au inacheza kwa gari lenye moto kabisa. Kwa hiyo kama shida ilianza baada ya kazi ya kulanti, jaza, toa hewa, ndipo ufikirie mengine.

Washukiwa wengine wa sailensi ya moto nawapitia haraka. Vali ya EGR, inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini, ikikwama wazi kwa punje ya kaboni, moshi wa ekzosi unaingia injini ikiwa imesimama na kuinyonga, ila barabarani gari ni zuri. Vali ya kuvuta mvuke wa tangi ikikwama wazi hujitambulisha kituoni: gari linakataa kuwaka au linamisi dakika chache baada ya kujaza petroli. PCV iitoe uitikise. Ile ya aina ya kawaida ikiwa nzima inalia kachakacha, bubu imeganda.

Kabureta si nozeli isiyo na waya

Mwenye gari la kabureta asisome yote yaliyotangulia kwa uzito ule ule. Hakuna kompyuta ya kufidia, kwa hiyo hewa ya wizi kwake karibu kila mara inaleta sailensi ya chini na ya kumisi, na mhimili wa kipepeo uliolika unahesabika kama tobo.

Gari linalowaka vizuri ukikanyaga mafuta na kuzima papo hapo ukiachia, lina wawili wa kulinganisha: jeti ya sailensi iliyoziba, au ile solenoidi inayofungulia mafuta ya sailensi. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa solenoidi uurudishe. Ikilia "tik", inafanya kazi, basi toa jeti uipulizie hewa, usiichokoe kwa waya maana utaipanua. Kama haikulia, pima umeme unaofika kabla hujainunua.

Skrubu ya mchanganyiko iguswe mwisho. Tapeti, pointi za distributa (nyingi huwa kati ya milimita 0.35 na 0.5), taimingi, kisha kabureta. Ukiigeuza mapema, unafidia kosa jingine kwa mafuta. Ikifika zamu yake, ingiza taratibu mpaka injini ianze kuyumba, toa mpaka mizunguko ifike kilele. Usiikaze hadi chini kwa nguvu, ncha yake inaharibika.

Skana au geji ya vakyumu?

Kama utanunua kifaa kimoja tu, jibu linategemea umri wa gari. Mfumo wa OBD-II, wa gari kujichunguza na kusomeka kwa skana, ulikuwa wa lazima kwa magari mapya Marekani kuanzia 1996, na kwa ya petroli katika Umoja wa Ulaya kuanzia 2001. Lenye mfumo huo, nunua skana, hata ndogo, ilimradi ionyeshe data za moja kwa moja. Kodi peke yake haitoshi. Thamani yake iko kwenye fyuli trimu, ile asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikiwa +20 kwenye sailensi na kushuka karibu na sifuri kwenye 2500, ni hewa ya wizi. Ikiwa nzuri kwenye sailensi na kupanda kadiri unavyokanyaga, ni filta ya mafuta, pampu au eya flo chafu. Hapo umeokoa siku nzima ya kubahatisha. Ila tobo la ekzosi kabla ya sensa ya oksijeni nalo hudanganya trimu, kwa hiyo sikiliza ekzosi pia.

Gari la zamani kuliko hapo, au la kabureta, litanufaika zaidi na geji ya vakyumu. Injini nzima usawa wa bahari hutoa inchi 17 hadi 22 za zebaki, mshale ukiwa umetulia. Punguza inchi moja kwa kila mita 300 hivi za mwinuko. Mshale uliotulia lakini uko chini ni hewa ya wizi au taimingi iliyochelewa. Unaodunda kwa mpigo ule ule kila mara ni vali ya silinda moja. Toyota nyingi za kabla ya OBD-II pia hutoa kodi bila skana: unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi na kuhesabu mimweko ya taa ya injini.

Mashine ya moshi, ile inayojaza manifoldi moshi ili tobo lijionyeshe, sioni sababu ya mtu binafsi kuinunua. Lakini ukishaminya mipira yote, trimu bado inapiga kelele ya hewa, na maji hayakuonyesha kitu, mlipie fundi mwenye mashine hiyo kipimo kimoja. Mwambie unataka kipimo tu, na umpe orodha ya uliyokwisha kuyapima ili asianze na plagi.